Mke Mwenza wa Kwenye Chupa

Kila asubuhi Kimya alisalimia wawili katika chumba kile cha kulea seli, na Chembe hakuwa wa kwanza.

"Umeamkaje, mpenzi?" angeanza, uso ameutia ndani ya kabati la joto, sauti ya chini kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Kisha angefunga mlango taratibu, ageuke, na tabasamu lake limfikie Chembe likiwa limeshatumika kidogo. "Na wewe je, mpenzi? Umelala salama?"

Mwanzoni Chembe alikuwa akicheka. Nani asingecheka? Mwanaume mzima, anayesomea shahada ya uzamivu, anayewasimamia wenzake kwenye mazoezi ya maabara, anaiamkia chupa! Chupa yenyewe bapa, ya plastiki, inaenea kiganjani, na ndani yake chakula cha seli chenye rangi ya waridi. Lakini mapenzi nayo yana mambo yake. Yakikuingia, hata wazimu wa mwenzio unauita upole.

Kimya lilikuwa jina la utani, na lilimkaa. Angeweza kuongoza darasa zima la vitendo kwa kunyoosha kidole tu. Chembe yeye jina lake alipewa nyumbani kwa udogo wa umbo, miaka mingi kabla hajajua kwamba atakwenda chuo kikuu kusomea vitu vidogo kuliko yeye. Sasa alikuwa mwaka wa mwisho wa biolojia ya seli na molekuli, na mradi wake wa kuhitimu ulikuwa seli za figo, alizozilea katika kabati lilelile la joto, rafu ya chini. Rafu ya juu haikuwa na mjadala. Ilikuwa ya Bibi Harusi.

Ndivyo wanafunzi walivyoiita ile chupa, na kisa chake kila mgeni wa maabara alipewa siku ya kwanza pamoja na koti jeupe. Kimya alikuwa na mchumba. Mchumba akaota uvimbe. Daktari wa upasuaji alipoutoa, binti wa watu akaomba kipande kimoja kipelekwe chuoni kwa mchumba wake, akaweka na sahihi. "Nikuze," inasemekana alimwambia kwa kicheko, bado yuko kitandani. "Nikifa usije ukasema nimekukimbia." Siku ya harusi hakuifikia. Mwenyewe akaenda kaburini, seli zikabaki chupani zikila na kugawanyika, zikijaza chupa moja na kuhamishiwa nyingine, kwa sababu seli za uvimbe zina ujeuri huo. Hazina habari kwamba mwenye mwili ameshazikwa.

Ndiyo maana wanafunzi walikuwa wakipiga hodi kabla ya kufungua kabati. Walifanya kwa utani, lakini walifanya. Chembe hakuwahi. "Ni seli tu," alikuwa akiwaambia. "Hazina masikio."

Aliyemtia tumbo joto ni shangazi yake, fundi cherehani, ndiye aliyemlea.

"Kijana mzuri," shangazi alisema siku alipoambiwa kwamba Kimya anataka kuleta wazee wake. Alikuwa anapinda upindo wa gauni la mteja, pini zimejaa mdomoni. "Ana adabu, ana elimu. Ubaya wake ana mke."

"Hana mke, shangazi. Nimeshakueleza. Ni seli."

"Zinakula?"

"Zinakula."

"Zinakua?"

"Zinakua, ndiyo, lakini..."

"Anazisalimia asubuhi?"

Chembe akainama kuokota pini iliyodondoka sakafuni.

"Kabla yako au baada yako?"

"Shangazi, jamani!"

"Basi ana mke." Shangazi alitema pini kiganjani. "Tena mke asiyezeeka, asiyenuna, asiyeunguza mboga. Wewe utazeeka, mwanangu. Utanenepa, utakoroma, mtagombana kwa ajili ya taulo lililoachwa kitandani. Yule utamshindia wapi?"

"Ile ni sayansi, shangazi."

"Nami sibishani na sayansi. Nasema tu kwamba mtu akifa huzikwa. Mwambie wazee wake waje Jumapili ya mwisho wa mwezi, karibu sana, nitapika mpaka sufuria zilie. Ila yule wa kwenye chupa awe ameshaondoka. Kama hajaondoka, wasije. Nitafunga mlango na taa nitazima, watadhani tumehama."

Chembe alimfikishia Kimya ujumbe ule huku akicheka, ili uonekane mwepesi. Kimya hakucheka. Alisema "Nimesikia," akaenda kusimama mbele ya kabati la joto, akakaa pale muda mrefu bila kulifungua.

Kuanzia hapo mambo hayakuwa mambo.

Kesho yake asubuhi chakula cha Bibi Harusi, ambacho kwa kawaida hukaa na uwaridi wake siku mbili bila wasiwasi, kilikutwa kimegeuka njano. Chembe alijua sababu. Chakula kile kina rangi inayobadilika seli zinapokuwa nyingi na kula kwa pupa, hata mwaka wa kwanza wanalijua hilo. "Amekasirika," alisema mwanafunzi mmoja aliyekuwa nyuma yake, na hakuna aliyecheka.

Kisha Chembe akaugua homa, akalala nyumbani karibu wiki nzima. Kimya ndiye aliyezilisha seli zake za figo, na kila jioni alimtumia ujumbe mfupi: *Watoto wako wamekula. Wanakusalimu.* Chembe aliusoma kila ujumbe mara nyingi kuliko alivyohitaji. Aliporudi chuoni, jambo la kwanza lilikuwa kuchukua chupa yake na kuiweka chini ya hadubini.

Seli zake alizijua. Zilikuwa bapa, zimelala kwa mpango, moja imeungana na jirani yake kama vigae vya sakafu. Alichokiona siku ile hakikuwa vigae. Zilikuwa ndefu, zimechongoka, zimepandana, zinakimbilia kila upande. Akatoa chupa ya pili. Zilezile. Ya tatu, vilevile. Halafu akaishusha chupa ya rafu ya juu na kuitazama nayo. Sura ilikuwa moja.

Bibi Harusi alikuwa ameteremka rafu ya chini.

"Unataka nini?" Chembe alijikuta anauliza, kwa sauti, chumbani peke yake. Kabati la joto likajibu *ta*, ule mlio wake wa kila siku linapojipima joto. Chembe alirudisha chupa bila kulifunga kabati vizuri, akatoka nje mpaka kwenye baraza lenye jua, akasimama pale akijionea aibu. Hakurudi ndani mpaka alipomwona mwenzake anaingia.

Akili ilipomrudia, jawabu lilikuja lenyewe. Maabara ya kulea seli ina amri moja isiyochezewa: kila aina ya seli na chupa yake ya chakula, na aina mbili zisikae mezani kwa wakati mmoja. Tone moja lisiloonekana likidondoka pasipo pake, mgeni anaingia, na mgeni mwenye nguvu humla mwenyeji. Kimya alikuwa amezilisha seli za figo na za Bibi Harusi kutoka chupa moja, kwa haraka ya mtu ambaye moyo wake uko kwa mgonjwa. Kosa la kibinadamu, basi. Hata lilimpendeza kidogo.

Lakini mwanafunzi mzuri hadhani, hupima. Bila kumwambia mtu, alitoa vinasaba katika chupa yake iliyovamiwa na katika chupa ya Bibi Harusi. Akaongeza na vya Babu. Babu lilikuwa jina la seli za zamani zilizokaa kabati hilohilo, zilizotolewa kwa mwanaume fulani ambaye hakuna tena aliyemkumbuka, na zilizotumika kufundishia kwa sababu hazifi hata ukizisahau. Mwisho, kwa kuwa alihitaji mwanamke wa kulinganisha, alikwangua shavu lake mwenyewe kwa pamba. Kipimo kilikuwa kile cha darasani: ukizidisha kipande fulani cha vinasaba na kukipitisha kwa umeme kwenye jeli yenye visima, yaani vijitundu vya kutilia sampuli, mwanamke hutoa mstari mmoja na mwanaume hutoa miwili.

Chembe alitoa mmoja. Babu alitoa miwili. Chupa iliyovamiwa, miwili.

Bibi Harusi, miwili.

Alirudia kwa dawa mpya. Akapima na alama nyingine za vinasaba, zile zinazomtofautisha mtu na mtu, na kila alama ilimtaja Babu. Ndipo alipoelewa. Kosa la wiki ile halikuwa la kwanza. Kimya alishalifanya zamani, katika siku zile za msiba, macho yamevimba na mikono haimtii. Chupa moja ya chakula, tone moja. Seli za mchumba wake zilikufa kimyakimya chini ya pua yake, zikaliwa na Babu, na tangu hapo kila asubuhi Kimya alikuwa akimwambia "Umeamkaje, mpenzi?" mzee asiyemjua.

Mwingine angeangua kicheko. Chembe naye alicheka, ukweli usemwe, kisha akalia palepale kwenye kiti, mbele ya jeli. Mke mwenza alikuwa ameshakufa siku nyingi. Lakini utamwambiaje mtu unayempenda kwamba kile alichokishika miaka yote hakipo, na kwamba kilipotea mikononi mwake?

Na bado lilikuwapo la pili. Ili aanze mradi upya, ilimbidi aende kwenye tangi la naitrojeni kutafuta seli zake za figo alizokuwa amezigandisha mwanzo wa mwaka. Alipoinua kifuniko, moshi mzito wa baridi ulimwagika ukimtambaa miguuni. Akavuta fimbo ya vichupa, na kwenye kitundu cha mwisho kabisa, chini, akakuta kichupa kimoja ambacho hakikuwa chake. Mwandiko ulikuwa wa Kimya, wa Kimya wa zamani, wenye herufi za mviringo: *Mpenzi. Siku ya upasuaji.*

Siku ya upasuaji, yaani kabla ya tone lolote la Babu. Huyu ndiye mwenyewe hasa, na hakuwa amekufa. Alikuwa amelala tu, na angeweza kuamshwa.

Chembe alikirudisha kichupa, akafunga tangi, na hakumwambia mtu. Naomba tusimhukumu. Ni wanawake wangapi hupewa funguo za chumba alicholala mke mwenza?

Jumamosi mchana chuo kilikuwa kitupu. Jua lilijaa kwenye baraza, lakini chumba cha kulea seli hakikuwa na dirisha, na mchana na usiku humo vilifanana. Chembe alimkuta Kimya amekaa mezani. Mbele yake palikuwa na chupa ya Bibi Harusi, na pembeni dumu la klorini lililofunguliwa. Harufu yake ilikuwa imeshajaa chumba.

"Nilikuwa nakusubiri," Kimya alisema. "Sikutaka nifanye peke yangu."

"Ufanye nini?"

"Shangazi yako amesema kweli. Kesho wazee wangu wanakuja kwenu. Siwezi kuingia nyumba ya watu nimemshika mtu mwingine mkono." Aliongea polepole, na tayari yalikuwa maneno mengi kuliko ya wiki nzima. "Nitamimina mwenyewe. Wewe nishike bega tu."

Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Mkono begani, klorini ndani ya chupa, machozi kidogo, na kesho sherehe. Shangazi angeridhika. Lakini alimtazama Kimya usoni, akaona mtu anayejiandaa kuua. Akajiona yeye na huyu mwanaume miaka ijayo, wamegombana kwa ajili ya taulo, na katikati yao amekaa mwanamke aliyeuawa ili Chembe aolewe. Huyo asingeondoka nyumbani kamwe.

Kimya aliinua dumu.

"Usimimine," Chembe alisema.

"Nimeshaamua, mpenzi. Usinirudishe nyuma."

"Usimimine. Siyo yeye."

Dumu lilibaki hewani. "Unasemaje?"

"Hiyo chupa. Siyo yeye. Nimepima."

Kimya aliliweka dumu chini kwa uangalifu, na uangalifu ule ulimtisha Chembe kuliko kelele. "Umepima nini? Nani alikuruhusu?"

"Nilipima chupa zangu. Zilivamiwa nilipokuwa naumwa. Nikataka kujua na nini."

"Na shangazi yako ndiye aliyekufundisha cha kusema? Ili niimwage bila majuto?"

"Shangazi yangu hajui hata jeli ni nini!"

"Basi ni wivu." Alisimama. "Sikulaumu. Sema tu una wivu, nitakuelewa. Lakini usimguse marehemu kwa maneno ya uongo. Mimi ndiye niliyemlea humu ndani. Mimi!"

"Ninao wivu, ndiyo!" Sauti ya Chembe ilipasuka. "Ninao, tena sana! Kila asubuhi nasimama hapo mlangoni nasubiri zamu yangu ya kusalimiwa. Wivu ninao, lakini uongo sina. Tazama mwenyewe."

Alimpa simu yenye picha ya jeli. Kimya hakutaka kuichukua. Halafu akaichukua, kwa kuwa kabla ya kuwa mjane ambaye hakuwahi kuoa alikuwa mwanasayansi, na macho yake yalikwenda kwenye mistari yenyewe bila kuombwa.

"Kisima cha kwanza nani?"

"Chupa yangu."

"Cha pili?"

"Yeye. Yaani... ile chupa."

"Cha tatu ni Babu," alisema mwenyewe, maana mistari ya visima vyote vitatu ililingana. "Cha nne, mwenye mmoja?"

"Mimi."

Alikitazama kisima cha nne muda mrefu. "Umerudia?"

"Nimerudia. Na alama nyingine nimepima. Zote ni Babu."

Kabati la joto likalia *ta*, na wote wawili wakageuka. Ndani ya chupa iliyokuwa mezani chakula kilikuwa kimetulia, cha waridi, kisicho na hatia.

"Nilikuwa na chupa moja ya chakula," Kimya alisema hatimaye. Sauti ilikuwa inatoka mbali. "Siku zile. Wiki ya msiba. Nilikuwa namlisha Babu kwa ajili ya darasa, na kumlisha yeye. Nilijiambia nitafungua nyingine kesho." Akakaa. "Nimekuwa naongea na nani, Chembe?"

"Sijui. Mwanaume mmoja."

"Nilimwambia kuhusu wewe. Siku ya kwanza tu nilipokuona. Nilimwomba ruhusa." Alitoa sauti iliyoanza kama kicheko na ikashindwa njiani. "Na nikadhani amekubali, kwa sababu kesho yake alikuwa amekua vizuri."

Chembe alipiga magoti mbele ya kiti chake. Angeweza kuishia hapo, na hakuna binadamu ambaye angejua. Ukweli ulioumiza ulikuwa umeshasemwa, na ule uliobaki ulimuumiza yeye peke yake.

"Kuna kingine," alisema. "Kwenye tangi. Kitundu cha mwisho. Kuna kichupa umekiandika siku ya upasuaji."

Kimya aliinua kichwa taratibu.

"Huyo ndiye yeye," Chembe alisema. "Huyo Babu hakumfikia. Nilikiona siku tatu zilizopita na nimenyamaza. Nisamehe. Ukitaka, tunaweza kumwamsha leo."

Kimya alitoka kwenda kwenye tangi, na Chembe akabaki. Basi alifanya kazi yake, na aliifanya vizuri kuliko alivyowahi kuifanya. Alifuta kwa spiriti meza ya hewa safi, ile inayopuliza hewa iliyochujwa. Alifungua chupa mpya ya chakula, ambayo haijaguswa na mtu, akaipasha moto kwenye hodhi la maji ya uvuguvugu. Aliandaa chupa bapa mpya, na kwenye ubavu wake hakuandika Bibi Harusi, aliandika jina lenyewe la marehemu, ambalo mpaka siku ile hakuwahi kulitamka. Machozi yalimdondoka ndani ya barakoa, akayaacha. Alikuwa anamtandikia mke mwenza kitanda.

Kimya alirudi na kichupa kwenye koleo, kinafuka moshi mweupe. Alisimama mbele ya hodhi.

Kazi hii haingoji. Dawa inayozilinda seli kwenye baridi hugeuka sumu barafu inapoyeyuka, kwa hiyo kichupa huzamishwa, huyeyushwa upesi, na seli hutolewa humo na kupewa chakula kipya mara moja. Kimya alilijua hilo kuliko yeyote. Lakini hakuzamisha. Alikiweka kichupa mezani, akavua glovu zake moja baada ya nyingine, akaanza kukitazama.

"Zamisha," Chembe alisema.

Kimya alikuwa anasoma mwandiko wake wa zamani.

"Mpenzi, zamisha! Barafu inaachia. Seli zitakufa!"

"Najua."

"Basi unangoja nini? Nipe mimi!"

"Unajua alikufa wapi?" Kimya aliuliza. Alikichukua kichupa kwa mkono mtupu. Baridi ilimng'ata, Chembe aliona vidole vikikakamaa, lakini hakukiachia. "Hospitali. Saa nne asubuhi. Mama yake alinipigia simu tangu alfajiri, akasema, baba, njoo, mwenzio anakuulizia. Nikasema nakuja, ngoja nimalize kumlisha. Nilikuwa hapa, Chembe. Kwenye kiti hiki. Nilikuwa namlisha huku nikiwaza kwamba nikizilea hizi vizuri, yeye hatakufa. Alipokata roho mkono wake ulikuwa umeshikwa na nesi ambaye hata jina lake hakulijua."

"Hukujua kwamba ndiyo saa yake."

"Nilijua." Alisema bila kujitetea. "Nilikimbilia huku kwa sababu nilijua."

Ndani ya kiganja chake kichupa kilikuwa kimeanza kutoa jasho. Barafu iliyokuwa nyeupe ilikuwa inageuka kioo, na katikati yake kiini kidogo cheupe kilielea, kikipungua.

Chembe alitazama chupa mpya aliyoiandaa, na chakula kilichopashwa moto, na jina ubavuni. Bado kulikuwa na nafasi. Alijua pia, bila kuambiwa, kwamba Kimya hakuwa anaua. Kuua kungekuwa ile klorini.

"Safari hii nipo," Kimya alimwambia kichupa. Hakukiita mpenzi. Alikiita jina lile la ubavuni, jina kamili, kama mtu anavyoitwa na wanaomjua. "Samahani nimechelewa. Nipo sasa."

Chembe alivua glovu yake. Alisogeza kiti, akakaa ubavuni, akauzungushia mkono wa Kimya mkono wake mdogo, kichupa kikiwa katikati. Baridi ilimchoma mpaka kwenye kiwiko. Kwa muda, na hili hakuwahi kumsimulia mwanafunzi mwenzake yeyote, alihisi kitu kinaushika mkono wake kutoka ndani, kwa nguvu, halafu kwa nguvu kidogo zaidi. Huenda ni vidole vya Kimya. Hakuangalia.

"Shikamoo dada," alinong'ona, kwa sababu marehemu alikuwa amemzidi umri, na kwa sababu hakujua kingine cha kusema.

Kiini cheupe kikawa punje, punje ikawa hakuna. Kichupa kikapata joto la mikono. Kabati la joto lililia *ta*, na safari hii hakuna aliyegeuka. Walikaa hivyo mpaka wote wawili wakajua kwamba imeshapita. Ndipo Kimya akalia, kilio cha mtu mzima kilichokuwa kimewekwa kwenye baridi miaka yote ile, na Chembe alimshika hakumwachia.

Baadaye sana alinyoosha kidole kwenye ile chupa nyingine, iliyokuwa bado mezani karibu na dumu. "Na huyu je?"

Kimya alifuta uso kwa mkono wa koti. "Babu? Babu amekosa nini?" Aliichukua, akachukua kalamu, akafuta maneno Bibi Harusi na kuandika Babu. "Miaka yote hiyo amenisikiliza bila kulalamika. Mrudishe kwake, rafu ya chini, na wenzake wa darasani."

Chembe aliibeba chupa mpaka kwenye kabati. Aliweka mkono kwenye mpini, akasita.

"Hodi," alisema.

Jumapili asubuhi shangazi alikuwa tayari na masufuria matatu jikoni, lakini moto hakuwa amewasha. Alikuwa amekaa kwenye cherehani yake hashoni kitu, anamsubiri Chembe aamke. Hakumpa hata nafasi ya kumwamkia.

"Haya, niambie. Wazee waje, wasije? Yule wa kwenye chupa ameondoka?"

"Ameondoka, shangazi."

"Kamtupa?"

"Hakumtupa. Amemzika."

Shangazi alimkazia macho. Alikuwa mtu wa kujua lini anadanganywa. "Kamzika wapi? Huko kwenye mashine zenu kuna makaburi?"

Chembe alifungua kiganja chake cha kulia. Katikati palikuwa na alama nyekundu iliyoviringika, ukubwa wa kifungo cha shati, ngozi imeanza kubabuka kwa baridi.

"Hapa," alisema. "Nusu yangu, nusu yake. Nilikuwepo."

Shangazi aliushika mkono ule, akaugeuza kwenye mwanga, akaugeuza tena. Akainuka, akaenda jikoni, na baada ya muda harufu ya kiberiti ikafika sebuleni.

"Chembe!" aliita kutoka huko. "Mpigie simu huyo kijana. Mwambie na yeye aje mapema, mkono wake nao unahitaji kupakwa mafuta."